Mwenye Maumivu Asikilizwe

Mwaka 2013, Tor Wager na wenzake huko Marekani waliwagusisha watu joto mkononi huku mtambo wa sumaku ukipiga picha za ubongo. Picha hizo zilitofautisha joto la kuumiza na vuguvugu kwa usahihi uliozidi asilimia 90. Hiyo ni hatua adhimu. Lakini kipimo chenyewe kililinganishwa na nini? Na kauli za waliopimwa! Neno, basi, ndilo mzani wa mtambo. Mswahili hutenga kichomi, msokoto na mpwito, tabibu anayeuliza tu, "Unaumwa?" huzitupa tofauti hizo. Tusingoje mitambo ya mamilioni. Tuwafunze matabibu wetu kusikiliza, maana adhabu ya kaburi aijua maiti.