Maji ya Betri si Maji

Ndugu mkulima,

Siku hizi betri imeingia katika nyumba nyingi za vijijini. Iko ya taa za jua, iko ya pikipiki, iko ya trekta la jirani. Nyingi kati ya hizo zina kitu cha majimaji ndani, nasi tumezoea kukiita "maji ya betri". Jina hilo linaweza kutuponza. Basi leo tuzungumze juu ya maji hayo: ni kitu gani, na tuishi nayo vipi bila kudhurika.

Hayo si maji. Ni asidi ya salfuriki iliyozimuliwa kwa maji. Betri inapojaa chaji, zaidi kidogo ya theluthi moja ya uzito wake ni asidi tupu. Haina rangi, kwa hiyo jicho halitakuonya. Lakini ukiipima ni nzito: lita moja ya maji ni kilo moja, lita moja ya asidi hiyo ni kama kilo moja na robo.

Asidi si kitu kigeni kwetu. Ukali wa ndimu ni asidi, na uchachu wa maziwa ya mgando ni asidi pia. Hizo ni asidi dhaifu: zikiwa ndani ya maji, huachia sehemu ndogo tu ya ukali wake. Asidi ya salfuriki, ya nitriki na ya haidrokloriki ni asidi kali, huachia ukali wao mara moja. Hata tumboni mwetu imo ya haidrokloriki, lakini tumbo lina ute wa kulilinda. Jicho na koo havina ulinzi wa namna hiyo.

Sasa tuangalie tabia za hii asidi ya betri.

Kwanza, hula madini. Ukiimimina katika ndoo ya bati, ile zinki iliyopakwa juu ya bati huanza kutoa mapovu na kuliwa. Mapovu hayo ni gesi ya haidrojeni, nayo hushika moto. Betri nayo hutoa gesi hiyo hiyo inapochajiwa. Kwa hiyo ichaji mahali penye hewa, na usiichungulie kwa kibiriti wala kibatari.

Pili, huunguza. Tone likidondoka juu ya shati la pamba, maji yake hukauka na asidi hubaki ikizidi ukali. Ukija kufua, unakuta tundu.

Tatu, asidi nzito ambayo haijazimuliwa hutoa joto kubwa ikikutana na maji. Ukimimina maji juu yake, huchemka ghafla na kukurukia usoni. Anayejua kazi humimina asidi ndani ya maji, kidogo kidogo. Kazi hiyo mwachie fundi.

Nne, ina mbabe wake. Hebu kamulia ndimu juu ya magadi. Umeona povu? Asidi na magadi vinamalizana, na gesi inatoka. Basi asidi ya betri ikimwagika sakafuni, nyunyizia magadi, majivu au chokaa ya shambani mpaka povu likome, kisha osha kwa maji mengi. Lakini jaribio lako lifanye kwa ndimu tu!

Je, betri ikipungua, uongeze nini? Usiongeze asidi. Wakati wa kuchaji, maji ndiyo yanayogeuka gesi na kutoka, asidi inabaki. Ongeza maji maalumu yasiyo na chumvi yanayouzwa kwa kazi hiyo. Maji ya kisima yana chumvichumvi zinazoharibu betri. Na hapo dukani uwe macho, maana wako wanaoita vyote viwili "maji ya betri". Soma karatasi ya chupa, au umwulize muuzaji.

Sasa lile kubwa kuliko yote. Usiweke asidi katika chupa ya soda, hata kwa siku moja. Mtoto akirudi na kiu hataijua. Akiinywa, asukutue kwa maji na kutema, kisha akimbizwe hospitali. Usimtapishe, kwa sababu asidi itamuunguza koo mara ya pili. Wala usimpe magadi. Hayo ni ya sakafu. Ikimwingia mtu jichoni au ikimmwagikia mwilini, mvue nguo zilizolowa na umwoshe kwa maji safi mengi, muda usiopungua dakika 20. Usipoteze muda kutafuta dawa. Maji kwanza, hospitali baadaye.

Mwisho, betri ikifa usiimwage shambani. Ukali wa asidi utazimwa na chokaa, lakini ndani ya betri mna risasi, nayo ni sumu isiyozimwa na chokaa wala majivu. Hubaki udongoni miaka mingi. Ng'ombe hupenda kulamba betri mbovu, na wapo wanaokufa kwa sumu hiyo. Iweke nzima, mbali na watoto na mifugo, kisha uipeleke kwa wanaonunua betri mbovu.

Ndugu mkulima, leo jioni kagua chupa zote zilizomo nyumbani. Ukikuta yenye asidi, iandike, uifunge vizuri, na uiweke mahali penye kufuli. Kwa leo tuishie hapo. Kazi njema.