Ekrani ya kinga ya batri: tuangalie namba gani?

Mwezi wa tisa, siku chache kabla ya kupanda maharage ya musimu A, mwanakooperative mmoja wa vilima vya Kabare alisukuma kinga yake ya batri zaidi ya kilometa 3 ndani ya mvua, na kilo 60 za mbegu nyuma. Tulipofika kwake kesho yake, mbegu zilikuwa zimetandazwa kwenye shiti, zingine zimeanza kuvimba.

«Agronome, hii batri ni ya uongo,» alituambia. «Ekrani ilinionyesha kama itanipeleka kilometa 120!»

Batri haikusema uongo. Juu yake imeandikwa volti 48, ampea-saa 10. Tukizidisha hizo mbili tunapata wati-saa 480: hiyo njo nguvu yote inayobeba ikijaa. Asubuhi, akiteremka kilometa 12 mpaka soko la Bukavu, ekrani ilionyesha wati-saa 4 kwa kila kilometa. Akagawanya 480 kwa 4. Hesabu ni sawa, lakini ile 4 ni ya mteremko. Mulima njo ulikuwa unamusukuma.

Tulikaa naye chini, tukahesabu. Kuteremka, wati-saa 48. Kuzunguka mjini kilometa 14, kwa 12 kila kilometa, 168. Zikabaki 264. Kupanda na mbegu kunakula 30 kwa kilometa, basi 264 ni kilometa 8 na kitu. Njia iko 12.

Mbona mulima unakula hivyo? Yeye, kinga na mbegu ni kilo 160. Kuzipandisha mita 100 kwenda juu kunadai karibu wati-saa 44, hata barabara ikiwa nzuri. Matope, tairi isiyojaa upepo na joto la mota bado hatujavihesabu.

Ile mistari ya batri nayo inadanganya watu wengi. Kwenye mulima inabaki mumoja. Ukisimama kupumzika inarudi mitatu. Nguvu haijarudi: volti hushuka mota ikivuta sana, kisha hupanda tena ikitulia. Wati nazo ni mvuto wa wakati ule ule. Wati-saa ni kile kimeisha kuliwa.

Sisi tunapima safari kwa namba ya kupanda: rudisha kihesabu kwenye sifuri chini ya mulima, soma ukifika juu. Tena tunaacha sehemu moja ya tano ya batri bila kuigusa. Kwa kinga hii zinabaki 384. Akirudi mutupu, kwa 20 kila kilometa, njia ya kwenda na kurudi inakula 288; mjini ana kilometa 8 tu. Akirudi na kilo 60 inakula 408, imeisha kupita. Siku ya mbegu, achaji mjini kwanza ao abebe nusu.

Zile mbegu alizipanda siku ile ile. Zingine hazikuota, akaazima kilo 10 kwa jirani.