Sifa Zinazopimwa kwa Majuma

Jioni moja baada ya sala, wenzangu wawili walianza kubishana bwenini juu ya wachezaji wa tenisi. Mmoja alisema Roger Federer wa Uswisi ndiye bora kupita wote. Wa pili akasema, la, ni Novak Djokovic wa Serbia. Wakabishana hata sauti zikapanda, kiranja akaja kuuliza kuna nini. Ndipo mwenzetu mmoja mkimya, aliyekuwa akitandika kitanda chake, akauliza neno moja tu: "Kila mmoja alikaa juu kwa majuma mangapi?" Wote wakanyamaza, maana hakuna aliyejua. Mimi nami sikujua. Kesho yake nikaanza kutafuta, na niliyoyapata ndiyo ninayotaka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu, wanafunzi wa leo na wale waliokwisha tuaga.

Mbio hupimwa kwa dakika na nukta. Kuruka hupimwa kwa mita. Mpira huamuliwa kwa mabao. Lakini je, wimbo kupendwa na watu utaupima kwa nini? Na mchezaji kuwa wa kwanza duniani, wakati washindani wake wako katika miji mbalimbali, utampima kwa nini? Kitu kama hicho hakina saa wala utepe wa kupimia. Kwa hiyo watu walitunga orodha, wakaipanga upya kila juma, kisha wakahesabu mtu alikaa juu ya orodha kwa majuma mangapi. Juma lilifaa kwa sababu ya maisha ya kawaida tu: mshahara wa watu wengi huko ulilipwa kila juma, maduka yalifunga hesabu kila juma, na magazeti ya muziki yalitoka kila juma.

Tuanze na muziki. Huko Marekani gazeti liitwalo Billboard lilianza kutoa orodha ya santuri zilizouzwa zaidi nchini kote mwezi wa Julai 1940. Uingereza ilingoja miaka 12. Katika mwaka 1952 bwana mmoja wa gazeti la New Musical Express, jina lake Percy Dickins, alipiga simu kwa maduka yapatayo 20, akawauliza wenyewe ni santuri zipi zilizouzwa sana. Akajumlisha majibu yao kwa kalamu, na tarehe 14 Novemba 1952 orodha ikachapwa. Ilikuwa na nafasi 12, lakini kwa kuwa nyimbo nyingine zilifungana, nyimbo zenyewe zilikuwa 15! Wa kwanza alikuwa Al Martino wa Marekani, naye alikaa pale juu majuma 9. Mwaka uliofuata Frankie Laine akaishika nafasi hiyo kwa wimbo mmoja majuma 18, ingawa si mfululizo: alishuka mara mbili, na mara mbili akapanda tena.

Tarehe 4 Agosti 1958 Billboard ilianza orodha ya nyimbo 100, ambayo ingaliko hata leo. Katika orodha hiyo juma moja hukumbukwa kuliko mengine yote, nalo ni lile la tarehe 4 Aprili 1964. Vijana wanne wa Liverpool, yaani Beatles, walishika nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano, zote pamoja. Katika nafasi 100 za juma lile, 12 zilikuwa zao.

Sasa msomaji aangalie jambo moja la ajabu. Tangu 1958 hata 1991, yaani miaka 33, hakuna wimbo hata mmoja uliopita majuma 10 juu ya orodha ile ya Marekani. Debby Boone alifika 10 mwaka 1977, na Olivia Newton-John akafika 10 mwaka 1981 na 1982, basi. Kisha mwaka 1992 kundi la Boyz II Men wakapata 13. Wao hao pamoja na Mariah Carey wakapata 16 mwaka 1995 na 1996. Na mwaka 2019 kijana aitwaye Lil Nas X alikaa majuma 19 mfululizo. Je, nyimbo za siku hizi ni tamu kuliko za zamani? Wazee wetu hawatakubali, na nadhani wana haki.

Sababu yake ni kipimo chenyewe. Zamani wenye maduka waliulizwa kwa simu, nao walijibu kwa kumbukumbu, na pengine kwa kukisia. Wimbo ulipoanza kuzoeleka waliacha kuutaja, wakataja mpya. Mwezi wa Novemba 1991 gazeti lile likaanza kutumia hesabu ya mashine zinazosoma kila santuri inapolipiwa dukani. Mashine haichoki kusikia wimbo. Ikaonekana kwamba watu huendelea kununua wimbo ule ule muda mrefu kuliko wenye maduka walivyodhani. Basi tusemapo kuwa mtu huyu amempita yule kwa majuma, kwanza tuulize kama wote wawili walipimwa kwa pishi moja.

Bara letu nalo limo katika hesabu hiyo. Mwezi wa Julai 1968 Hugh Masekela wa Afrika Kusini, mpiga tarumbeta aliyekuwa akiishi mbali na nchi yake kwa sababu ya utawala wa ubaguzi, alishika namba ya kwanza Marekani kwa majuma 2. Wimbo wake haukuwa na maneno hata moja, ni ala tupu.

Lakini habari iliyonigusa zaidi ni ya Solomon Linda. Huyu alikuwa Mzulu, mfanyakazi katika kampuni ya santuri mjini Johannesburg. Mwaka 1939 yeye na wenzake waliimba wimbo uitwao "Mbube", maana yake simba, nao ukaingizwa katika santuri. Haki za wimbo akaziuza kwa shilingi 10. Wimbo ukavuka bahari, ukabadilishwa maneno, na mwezi wa Desemba 1961 vijana wa New York waitwao Tokens waliupandisha hata namba ya kwanza Marekani, ukakaa pale majuma 3. Jina la Linda halikutajwa. Mwaka 1962 akafa maskini. Baadaye wimbo ule uliingia hata katika filamu ya watoto ya mwaka 1994 inayosimulia habari za simba. Mabinti zake walidai haki yao, na mwaka 2006 wakapatanishwa na wenye wimbo, wakapata sehemu ya fedha. Tazama basi: majuma 3 yaliandikwa kwa jina la wengine, na mwenye sauti alingoja miaka 44 kaburini.

Sasa nirudi kwenye tenisi, iliyowagombanisha wenzangu. Orodha ya wanaume inayopangwa kwa kompyuta ilianza tarehe 23 Agosti 1973, na wa kwanza alikuwa Ilie Năstase wa Romania. Kazi yake ni hivi. Kila mchezaji hupata alama kwa kadiri alivyofika katika mashindano. Kwa mfano, mshindi wa Wimbledon hupewa 2,000. Alama hizo hukaa naye majuma 52, kisha hufutwa. Kwa hiyo aliyeshinda mwaka jana hana budi kushinda tena mwaka huu, la sivyo atashuka hata kama hakushindwa na mtu, kwa mfano akiwa mgonjwa kitandani. Ni kama mkulima: mavuno ya mwaka jana hayalishi nyumba milele.

Kwa kipimo hicho Federer alikaa juu majuma 237 mfululizo, tangu Februari 2004 hata Agosti 2008, na jumla yake ni 310. Djokovic alimpita mwezi wa Machi 2021, na hesabu yake ikaendelea hata 428. Kwa wanawake, Steffi Graf wa Ujerumani alifikisha 377. Wako na waliopata kidogo. Patrick Rafter wa Australia alikuwa wa kwanza duniani kwa juma 1 tu, mwaka 1999. Watu humcheka. Mimi simcheki. Hilo juma moja ni lake, wala hakuna atakayemnyang'anya.

Nasema hivyo kwa sababu kuna mtu aliyenyimwa majuma yake, si kwa hila bali kwa karatasi. Evonne Goolagong ni Mwaustralia wa asili, wa kabila la Wiradjuri, binti wa mkata manyoya ya kondoo, aliyelelewa katika kijiji cha Barellan. Alishinda Wimbledon mwaka 1971, na tena mwaka 1980 akiwa mama wa mtoto. Mwaka 1976, kwa majuma 2 ya Aprili na Mei, alama zake zilimpita Chris Evert wa Marekani, akawa wa kwanza duniani. Lakini hesabu za siku zile hazikuwa kamili, na hakuna aliyemwambia. Yeye mwenyewe hakujua. Mwezi wa Desemba 2007, baada ya miaka 31, chama cha tenisi cha wanawake kilitangaza kwamba rekodi za zamani zimechunguzwa, na kwamba majuma yale 2 yalikuwa yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na sifa pia ni mali.

Hapa yanipasa nieleze kwa nini habari hii ilinichoma. Mwaka jana mimi nilikuwa karani wa mashindano ya usafi wa mabweni. Wasomaji wote, hata wa zamani, wanaijua bendera ndogo inayotundikwa mlangoni mwa bweni lililoshinda, tangu Jumamosi hata Jumamosi. Nilipokuwa nikimkabidhi daftari karani mpya, nilipitia hesabu zangu, nikaona kwamba katika juma la sita la muhula wa pili nilisoma 7 kana kwamba ni 1. Bendera ilikwenda bweni kubwa lililokwisha ipata mara nyingi. Haki yake ilikuwa ya bweni dogo kuliko yote, lile lililo nyuma ya jiko, ambalo mwaka ule halikuipata hata juma moja.

Nilifunga daftari, nikanyamaza. Nilijiambia kuwa ni juma moja tu, na kuwa limekwisha pita. Nilinyamaza hivyo muda wa miezi mitatu, mpaka niliposoma habari za Evonne Goolagong. Kumbe si kweli kwamba juma likipita limepita! Nikaenda kwa mwalimu wa zamu, nikamwonyesha. Hakunikemea. Alinipa kalamu nyekundu, akaniagiza niandike sahihisho na kutia jina langu chini yake. Nimefanya hivyo.

Lakini wavulana wanne wa bweni lile walimaliza shule mwishoni mwa mwaka, nao hawawezi kuliona daftari. Gazeti hili huwafikia. Basi naandika hapa ili wasome: ndugu zangu, juma lile mlikuwa wa kwanza. Mlipiga deki vizuri kuliko sisi sote, na kosa lilikuwa langu.

Na kwa wale wawili waliobishana, jibu lenu ni 428 kwa 310. Ila karani mpya na ahesabu mara mbili.