Sanaa ya Bonsai (Sehemu ya Pili): Mplamu Haunawiri Bila Mkasi

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi mti unavyoweza kuishi chunguni kwa karne nzima na zaidi. Tuliutaja pia mchezo wa kale wa jukwaani wa Kijapani uitwao Hachi no Ki. Humo, shujaa aliyefilisika, Sano Tsuneyo, anaikata miti yake mitatu ya chunguni, yaani mplamu, mcheri na msonobari, ili ampashe moto mtawa asiyemjua usiku wa theluji. Leo tunauchukua mmoja wa miti hiyo, mplamu, kwa sababu hakuna mti mwingine unaomfunza mtunzaji wa bonsai haraka hivi kwamba mkasi unahitaji elimu.

Wajapani wana msemo wa siku nyingi: mjinga ni yule anayekata mcheri, na mjinga ni yule asiyekata mplamu. Mcheri ukikatwa ovyo, kidonda huchelewa kuziba na uozo hupata njia. Mplamu usipokatwa, maua husogea mwaka hadi mwaka kuelekea ncha za matawi, na sehemu za ndani hubaki kavu. Maneno hayo machache yanabeba somo zima la leo, na kazi yetu ni kueleza kwa nini yako hivyo.

Mti wenyewe

Mplamu tunaouzungumzia si ule wa matunda unaolimwa Lushoto, ingawa ni wa ukoo mmoja. Wataalamu wa mimea huuita Prunus mume, na kwa nasaba uko karibu zaidi na aprikoti. Asili yake ni China, na ulifika Japani zamani sana. Katika Man'yoshu, mkusanyiko mkubwa wa mashairi ya Kijapani wa karne ya 8, mashairi zaidi ya 100 yanautaja, mengi kuliko yanayoutaja mcheri. Mwaka 730, mkuu wa utawala wa Dazaifu, Otomo no Tabito, aliwaalika wageni nyumbani kwake wakatunge mashairi juu ya maua yake. Utangulizi wa mashairi ya karamu hiyo ndio uliotoa jina Reiwa, la enzi iliyoanza Japani mwaka 2019.

Mti huu umepewa heshima hiyo kwa sababu ya majira yake. Huchanua mwishoni mwa baridi, kati ya Januari na Machi, huku theluji ikiweza kuanguka bado na kabla ya jani lolote kutokeza. Ua ni dogo, kwa kawaida lina petali tano, jeupe, la waridi au jekundu, na harufu yake hujaza chumba. Katika mji wa Nagahama, mkoa wa Shiga, maonyesho ya miplamu ya bonsai yamekuwa yakifanyika tangu mwaka 1952, kuanzia Januari hadi Machi. Humo huwekwa miti ambayo mikongwe yake inasemekana kufikia miaka 400. Shina limeoza ndani likabaki ganda tu, na juu ya ganda hilo vitawi vyembamba vimejaa maua. Wanaofika kwa mara ya kwanza hudhani huo ni muujiza. Ukweli ni kwamba kila kitawi kilichochanua kiliandaliwa na mkasi wa mwaka uliotangulia.

Tumba na jicho

Chukua kitawi cha mplamu mwezi Desemba, majani yakiwa yamepukutika, ukitazame kwa makini. Utaona vivimbe vya aina mbili. Vingine ni vya mviringo, vinene: hayo ni matumba ya maua. Vingine ni vyembamba, vimechongoka na vimelala karibu na gome: hayo ni macho ya majani, ambamo tawi la kesho litatoka. Mara nyingine pingili moja huwa na vyote viwili pamoja, jicho likiwa limebanwa na matumba. Mara nyingine huwa na tumba peke yake.

Hapo ndipo penye siri ya mti huu. Tumba la mplamu lina ua tu ndani yake. Halina jani wala chipukizi. Likichanua na kuanguka, pingili iliyokuwa na tumba pekee hubaki kipofu, na haitatoa kitu tena. Kitawi kifupi chenye maua mengi mara nyingi hubeba jicho moja tu la jani, nalo liko nchani kabisa. Mwaka unaofuata kitarefuka kutokea kwenye ncha hiyo, kitachanua mbele zaidi, na nyuma yake kitaacha mti mtupu. Miaka michache ya hali hiyo hutosha kuugeuza mti mzuri kuwa rundo la fimbo ndefu zenye maua mwishoni. Na kwa kuwa mbao kuukuu ya mplamu hukataa kuchipua kwa urahisi, ukija baadaye na msumeno ukalikata tawi mahali pasipo jicho, tawi hilo hufa lote.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kupogoa mplamu ni hii: usifunge mkasi kabla hujaliona jicho la jani chini ya mahali unapokata.

Mwaka wa mkasi

Kazi kubwa hufanyika maua yanapokwisha, kabla macho ya majani hayajafunguka. Kwanza ondoa maua yote yaliyonyauka. Yakiachwa, mengine yatashika matunda, na tunda la mplamu, ambalo Wajapani hulitia chumvi na kulianika, huunyonya mti ulio chunguni nguvu unayohitaji kuchipua. Kisha shika kila tawi la mwaka uliopita na ulirudishe nyuma, ukibakiza macho mawili ya majani karibu na shina lake. Pendelea jicho linaloelekea nje au pembeni, kwa maana tawi jipya litafuata mwelekeo wa jicho lake. Vitawi vifupi ambavyo jicho lake pekee liko nchani usivikate, ila kama uko tayari kuvipoteza.

Kuanzia Aprili machipukizi hutoka kwa nguvu. Mtunzaji aliyezoea msonobari, ambao machipukizi yake hubanwa mapema, hupata kishawishi cha kukata hapa pia. Avumilie. Machipukizi ya mplamu yaachwe yakue, maana yanatengeneza chakula cha mti na kunenepesha tawi. Lile linalowazidi wenzake hukatwa ncha likishafikisha majani matano au sita, ili nguvu igawanywe kwa mti wote.

Mwezi Juni ukuaji hupungua, na ndani ya makwapa ya majani mti huanza kuunda matumba ya mwaka ujao. Ni wakati wa uamuzi ingawa nje hakuna kinachoonekana. Watunzaji wengi hupunguza mbolea yenye naitrojeni, na hupunguza maji kidogo, kiasi cha kuyaacha majani yaanze kulegea kabla ya kumwagilia tena. Mti unaosukumwa na maji na mbolea nyingi wakati huo hurefusha matawi badala ya kuunda maua. Kuanzia Julai mkasi upumzike, kwani kila unachokikata sasa ni maua ya Februari. Majani nayo yatunzwe hadi vuli yaanguke yenyewe. Mti uliopoteza majani mapema kwa wadudu au kwa kiu utachanua kwa uhaba.

Umbo

Miplamu mashuhuri ya bonsai ina sura inayofanana: shina limepinda kwa kona kali, gome ni jeusi na limepasuka, matawi ni machache, na kati yao kuna nafasi kubwa. Sura hiyo inatokana na tabia ya mti wenyewe. Ukirudisha tawi nyuma hadi kwenye jicho kila mwaka, kila mwaka litabadili mwelekeo mahali pa mkato, na baada ya miaka kumi utakuwa na mstari wa kona kona ambao waya haungeweza kuutengeneza. Watunzaji wa Guangdong, kusini mwa China, wameijenga mbinu ya kata-na-kukua hadi ikawa msingi wa mtindo wao unaoitwa Lingnan.

Waya una nafasi yake, lakini samaki mkunje angali mbichi. Chipukizi la mwaka huu hukubali kupindwa mwanzoni mwa kiangazi. Tawi la miaka mitatu huvunjika kwa mlio mkavu. Waya uzungushwe kwa mshazari wa nyuzi kama 45, usikaze, na ukaguliwe mara kwa mara, kwa sababu tawi likinenepa waya huzama gomeni na kuacha kovu la miaka mingi.

Mkato mkubwa kwenye shina huhitaji kulainishwa kwa kisu kikali na kuzibwa kwa dawa ya vidonda vya miti, maana kiini cha mplamu huoza. Kwa mti mkongwe, uozo huo uliodhibitiwa ndio unaoleta uwazi na ganda linalosifiwa Nagahama. Maji hupanda kupitia tabaka jembamba lililo chini ya gome, si kupitia kiini. Ndiyo maana shina lililo tupu ndani linaweza kubeba maua mamia.

Shtaka la Gong Zizhen

Mwaka 1839, mwandishi wa China Gong Zizhen aliandika insha fupi kuhusu nyumba ya miplamu migonjwa. Alilalamika kuwa wasomi wa zama zake walisifu mplamu uliopinda kuliko ulionyooka, ulioinama kuliko uliosimama, na wenye matawi machache kuliko uliojaa. Wauzaji walisikia sifa hizo, wakakata yaliyonyooka, wakang'oa yaliyosongamana, wakadumaza machipukizi ili wapate bei. Gong anaeleza kwamba alinunua vyungu 300 na hakuona hata mti mmoja uliokuwa mzima. Alivivunja vyungu, akaipanda miti ardhini, akafungua kamba zake, akajipa miaka mitano ya kuiponya. Wasomaji wake walielewa kuwa alikuwa akisema pia juu ya utawala wa Qing, uliowapinda watu wenye vipaji hadi wasiweze kusimama wima.

Shtaka hilo ni zito, na mpenzi wa bonsai hapaswi kulikwepa. Mimi nakubaliana na Gong kuhusu wauzaji wale. Walianza na umbo lililotakiwa na mnunuzi, kisha wakaulazimisha mti uingie humo, uwe na nguvu au usiwe nayo. Nisichokubali ni kwamba mkasi wenyewe ndio adui. Tumeona kwamba mplamu ulioachwa hunyang'anywa matawi yake ya ndani na tabia yake wenyewe. Mkato unaofanywa baada ya maua, juu ya jicho lililo hai, kwenye mti uliolishwa vizuri, huurudishia uhai karibu na shina.

Tofauti kati ya mtunzaji na mtesaji inapimika. Mpe kila mmoja mti na miaka mitano, muda ule ule aliojipa Gong. Wa mtesaji utakuwa na sura ya kusisimua na matawi yanayokufa moja baada ya jingine. Wa mtunzaji utakuwa umepata vitawi vipya karibu na shina, na kila mwaka maua yatakuwa yamesogea ndani badala ya kukimbilia nje. Anayetaka kuingia katika sanaa hii ajipime kwa kipimo hicho kabla ya kujipima kwa uzuri wa umbo.

Wiki ijayo tutashuka chini ya udongo: wakati wa kubadili chungu, kiasi cha mizizi ya kukata, na mchanganyiko wa udongo unaoufaa mplamu.