Bundi huyu hana nuksi

Bundi akilia juu ya paa usiku, wengi wetu hushtuka. Ni ndege wa nuksi, ndivyo tulivyoambiwa tangu utotoni. Lakini yuko bundi mmoja ambaye ningependa umkaribishe sebuleni, msomaji, hasa ikiwa una mtoto asiyebanduka mbele ya skrini.

Jina lake ni Otus. Yeye ndiye shujaa wa Owlboy, mchezo wa video uliotengenezwa na D-Pad Studio ya nchini Norway. Kazi hiyo ilianza mwaka wa 2007, na mchezo ukatolewa kwa kompyuta mnamo Novemba 2016. Miaka tisa! Picha zake zilichorwa kwa nukta ndogo ndogo za rangi, mtindo wa michezo ya zamani.

Kama wewe ni miongoni mwa waliocheza michezo ya kaseti iliyounganishwa na televisheni, hutakuwa mgeni hapa. Shujaa huonekana kwa ubavu, akienda kushoto na kulia, juu na chini. Tofauti ni kwamba katika Super Mario Bros. ya mwaka wa 1985, ukiruka vibaya unatumbukia shimoni na kupoteza maisha. Otus naye hupaa. Kijiji chao, Vellie, kiko kwenye visiwa vinavyoelea angani, na ukikosa pa kutua, unapaa tena.

Mbona basi shujaa huyu ana huzuni? Otus ni bubu. Asio, bundi mzee anayemfundisha, humkaripia kila anapokosea, naye hawezi kujitetea. Unachoona ni uso wake tu ukinywea.

Hapo ndipo mzazi anapoguswa. Je, ni mara ngapi umemfokea mwanao kwa sababu ya alama za mtihani bila kumpa nafasi ya kujibu? Mtoto wako ana ulimi, lakini siku hiyo huenda alikuwa bubu kama Otus.

Maharamia wa angani wanapovamia, Otus hana silaha. Akiwa peke yake, anaweza tu kujizungusha na kuwapumbaza maadui kwa muda mfupi. Rafiki yake Geddy, ambaye ni fundi, ana bunduki lakini hawezi kupaa. Basi Otus humbeba hewani. Huyu anapaa, yule anafyatua. Baadaye hata Alphonse, aliyekuwa upande wa maharamia, anajiunga nao. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Utamchezaje na mtoto? Kwanza, kazi ya shule imalizike. Kisha keti kando yake, usimsimamie mlangoni. Mazungumzo ya mchezo huu yameandikwa, hayatamkwi, hivyo msomee mdogo wake na umweleze kwa Kiswahili. Zipo sehemu ngumu, na mtashindwa mara kadhaa. Mpe zamu yako, nawe uchukue yake. Usione haya akikushinda.

Mkifika pale Asio anapofoka, tua kidogo. Muulize mwanao anamwonaje mwalimu huyo. Halafu nyamaza, umsikilize hadi mwisho. Yawezekana jibu lake likakuhusu wewe.