Dondakoo: kweli ipi, uzushi upi?

Mtoto akilalamika koo, kila jirani ana dawa yake, na mara nyingi mtoto hupona, jirani akapata sifa. Dondakoo haina huruma hiyo. Asiyechanjwa wala kutibiwa ana hatari ya kufa inayofikia asilimia 30, na anayebaki nyumbani akisubiri aghalabu amecheleweshwa na maneno kama haya.

"Ni mafindofindo tu, hata homa si kali."
Si kweli. Homa ya dondakoo mara nyingi ni ya wastani, na hapo ndipo wazazi wanapodanganyika. Siku mbili hadi tano baada ya kuambukizwa, mtoto huumwa koo na kunyong'onyea. Akifunua kinywa kwenye mwanga, huonekana utando mzito wa kijivu ulioganda juu ya mafindofindo. Usaha wa kawaida hufutika. Utando huu ukibanduliwa, damu hutoka. Ukishuka hadi kwenye koromeo, mtoto hukoroma akivuta pumzi, na nyama za katikati ya mbavu hubonyea ndani. Wengine shingo huvimba hadi kidevu hakijulikani kinaishia wapi.

"Akatwe kimio."
Si kweli, na huu ndio uzushi unaoniudhi kuliko yote. Katika sehemu kadhaa za Tanzania bado kuna watoto wanaokatwa kimio kwa sababu ya kikohozi au koo. Kimio hakina kosa. Bakteria wa dondakoo hutoa sumu. Sumu hiyo ndiyo inayoua nyama za koo zikajenga utando, kisha ikaingia kwenye damu kuufuata moyo na mishipa ya fahamu. Wembe hauifikii. Unachoweza kuleta ni kuvuja damu, usaha, hata pepopunda.

"Antibaiotiki zinatosha."
Nusu kweli. Zinaua bakteria na kumzuia mgonjwa asiambukize wenzake, lakini sumu iliyokwisha kutoka haziigusi. Hiyo ina dawa yake, ambayo Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walifungua njia yake mwaka 1890. Behring akapewa Tuzo ya Nobel ya kwanza ya tiba, mwaka 1901. Hadi leo dawa hiyo hutengenezwa kwa damu ya farasi. Huzima sumu inayozunguka kwenye damu tu; iliyokwisha kupenya kwenye seli haing'oki tena. Ndiyo maana daktari anayeshuku dondakoo humpa mgonjwa dawa hiyo bila kungoja majibu ya maabara. Na koo likisafika bado si mwisho: wiki kadhaa baadaye moyo unaweza kudhoofika, au kaakaa likapooza, maji anayokunywa mtoto yakamtokea puani.

"Ugonjwa huo ulikuwa wa zamani."
Si kweli. Chanjo zilipolegalega Umoja wa Kisovieti ulipovunjika, zaidi ya watu 150,000 waliugua katika miaka ya 1990. Nigeria ilikumbwa na mlipuko kuanzia mwishoni mwa 2022, Kano ikiumia zaidi. Kwa jirani zetu Somalia, wagonjwa waliongezeka mwaka 2025.

"Akichomwa sindano moja amemaliza."
Si kweli. Nchini Tanzania na Kenya chanjo ya dondakoo imo katika sindano inayokinga magonjwa matano, na hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Humkinga pia na bakteria wa Hib, anayeweza kuvimbisha kidakatonge na kuziba pumzi kwa muda wa saa chache. Kinga ya dondakoo hupungua kadiri miaka inavyopita, hivyo Shirika la Afya Duniani linashauri dozi tatu za nyongeza kabla ya utu uzima.

Basi fungua kadi ya kliniki ya mwanao leo, na kama kuna dozi imerukwa, mrudishe kituoni. Na akianza kukoroma akivuta pumzi ilhali yu macho, usimwingize kijiko kinywani kumchungulia wala usimlaze kwa nguvu. Mwache akae anavyopata nafuu, umpeleke hospitali papo hapo.