IA na ugonjwa wa mihogo: «asilimia 99» ni kusema nini?

Mkulima anafungua telefone, anapiga foto ya jani la muhogo, na baada ya sekunde chache programu inamwambia: mzima ao mgonjwa. Programu za namna hiyo ziko tayari, na wale wanaozitangaza wanapenda kusema zinapata asilimia 90 na zaidi. Lakini asilimia hiyo ilipimwa namna gani? Ulizo hili ni la maana kwa mtu anayetegemea fufu na sombe za shamba lake.

Alama zilizoanguka

IA, ni kusema akili ya bandia, inajifunza kwa mifano. Wanaipatia maelfu ya foto, kila foto na jibu lake. Kisha wanaipima kwa foto zingine, ambazo haijaona hata siku moja. Ni sawa na mwanafunzi: kama aliona maulizo ya ekzame mbele ya siku, alama zake hazionyeshe kama anajua ao alikariri tu.

Mwaka 2016, watafiti wa Marekani na Uswisi walichapisha kazi moja inayojulikana sana. Walitumia foto 54.306 za majani ya mimea 14, kama vile mahindi, nyanya na viazi. Muhogo haukuwemo. Kwa foto walizokuwa wameweka pembeni kwa ajili ya kipimo, programu ilipata asilimia 99,35.

Halafu wakaijaribu kwa foto zilizopigwa pahali pengine, katika hali ingine. Alama zikaanguka mpaka karibu asilimia 31. Watafiti wenyewe njo waliandika matokeo hayo.

Juu ya nini? Foto za kwanza zilikuwa za jani moja lililokatwa na kuwekwa juu ya karatasi. Shambani hakuna karatasi. Kuna kivuli, udongo, majani mengine nyuma, na mkono wa mpigaji unaotetemeka. Kipimo cha kwanza hakikuwa uongo, lakini kilipima kitu kingine.

Kwa muhogo, watafiti walichapisha mwaka 2017 kazi yenye foto zilizopigwa ndani ya mashamba ya Tanzania. Programu ilipata asilimia 93. Mwaka 2019 walionyesha kwamba programu ikitumiwa kwa telefone shambani, alama zinapungua, zaidi sana pale dalili za ugonjwa zingali kidogo. Na ni wakati ule mkulima anahitaji kujua.

Kosa moja si sawa na lingine

Tuchukue mfano. Shamba liko na miti 100 ya mihogo, na 5 ni migonjwa. Programu inayosema «mzima» kwa miti yote bila hata kuangalia itapata asilimia 95. Alama ni nzuri, lakini kazi ni bure: haikupata hata mti mmoja mgonjwa.

Kwa hiyo wapimaji wanauliza mambo mawili. La kwanza: kati ya migonjwa yote, programu ilikamata mingapi? La pili: kati ya ile iliyoitwa migonjwa, mingapi ni migonjwa kweli? Kama programu imeonyesha miti 10 na 4 tu njo migonjwa, basi ilikamata 4 kati ya 5, lakini mkulima atang'oa miti 6 mizima bure.

Na ule mmoja uliopita bila kuonekana? Magonjwa ya mozaiki na ya michirizi ya kahawia yanasafiri pamoja na vipande vya mti vya kupanda. Mkulima akivikata na kuwagawia majirani, anawagawia na ugonjwa. Ule wa michirizi ni mbaya zaidi: majani yanaweza kuonekana mazuri huku muhogo unaoza ndani ya udongo. Foto ya jani haiwezi kuona hayo.

Wastani unaficha watu

Jambo hili haliishie kwa mimea. Mwaka 2018, Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu zinazoangalia uso na kusema kama ni mwanamke ao mwanaume. Walitumia foto 1.270 za wabunge wa inchi sita, kati yao Rwanda, Senegal na Afrika Kusini. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe, makosa hayakupita asilimia 0,8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, yalifika asilimia 34,7. Mtu akichanganya wote na kutoa alama moja, tofauti hiyo haionekane.

Maulizo ya kuuliza

Shirika ao kampuni ikileta programu kijijini, wakulima na waagronomu wako na haki ya kuuliza: foto za kipimo zilipigwa wapi, na kwa aina gani za muhogo? Ilipimwa kwa mashamba ya huku kwetu? Inakosa wagonjwa wangapi, na inaita wazima wangapi wagonjwa? Kwa dalili zinazoanza tu, inapata ngapi?

Anayejua kazi yake atajibu bila kukasirika. Na mbele ya kung'oa shamba lote ao kugawa vipande vya kupanda, jibu la telefone lisitoshe peke yake: sherti mtu aangalie miti yenyewe, na kupasua mihogo michache aone ndani.